Kumi na Watatu Mezani kwa Zakayo

Shule ya Shamba,
nje ya Kitale,
Jumatatu, baada ya mavuno.

Mke wangu mpendwa, Mama Simiyu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko punje za mahindi zilizomo katika ghala ninaloliona kutoka dirishani hapa. Mimi ni mzima, ila nina kikohozi cha vumbi la mavuno, nacho kinapungua. Je, wewe hujambo? Mama yangu anaendeleaje na miguu yake? Nimesikia kwamba bado anaikataa dawa ya zahanati kwa sababu rangi yake ni nyekundu. Mwambie kwa heshima zote kwamba rangi haimwingii mtu tumboni, ainywe. Na yule ng'ombe mwenye pembe moja, amekwisha kuzaa? Nilikuomba uniandikie, hukuniandikia.

Najua kwamba umeyapita maswali hayo kwa haraka, ukitafuta jambo moja tu: je, Simiyu wetu amepewa Nekesa, au amenyimwa? Nitakujibu, lakini kwa utaratibu. Ndugu yangu Barasa ameondoka hapa leo asubuhi kwa lori la mahindi. Atashuka huko nyumbani Kamukuywa kabla barua hii haijafika, na atakuwa ameisimulia habari nzima kwa wauza ndizi na kwa kila mwenye masikio. Masimulizi ya Barasa yana ukweli ndani yake kama uji ulivyo na unga: kiasi kidogo, na kilichobaki ni maji. Kwa hiyo keti, uache kupepeta maharagwe, usome tangu mwanzo.

Zakayo, baba yake Nekesa, ndiye mpishi wa nyumba kubwa ya shamba hili. Ni mtu wa kwetu, wa upande wa Kanduyi, lakini aliingia jikoni mwa Wazungu kabla ndevu zake hazijaota, na sasa zina mvi. Ni mwaminifu, msafi, na mkali kwa mambo ya vijiko. Ulipobaki nyumbani kumuuguza mama uliniambia maneno haya: "Zakayo ni mtu mwema, usimsumbue kwa hotuba." Nilikutii. Aliyesumbuliwa ni mimi.

Tulikwenda kwake Jumapili ya juma lililopita, baada ya ibada. Nilikuwa nimewaalika wazee wa ukoo wetu wanaofanya kazi katika mashamba ya jirani, na Barasa alikuja na wengine kutoka nyumbani. Wote tulivaa makoti, ingawa jua lilikuwa kali. Mzee Situma, ambaye ni mkubwa wetu sote, alivaa lile koti zito la vita vya kwanza, lenye vifungo vya shaba. Simiyu hakuingia. Alibaki kwenye banda la trekta, kama desturi inavyomtaka kijana anayeposewa, akijifanya anakaza nati.

Zakayo ana meza. Memsahib, mwenye ile nyumba kubwa, alimpa meza hiyo ilipovunjika mguu, naye akaitia mguu mwingine wa mkaratusi. Siku hiyo, kwa ajili yetu, aliirefusha kwa kuung'oa mlango wa nyumba yake na kuulaza juu ya mapipa mawili, kisha akavifunika vyote kwa shuka jeupe. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na meza ndefu sana lakini haikuwa na mlango, na kuku waliingia na kutoka kama wajumbe wa baraza.

Alitupokea pale mlango ulipokuwa. Tulipokuwa tukiingia mmoja mmoja, nilimwona ameinua kidole, na midomo yake ikichezacheza. Barasa alimwona pia, akasimama katikati ya njia hata walio nyuma yake wakamgonga.

"Mzee Zakayo," akasema, "unatuhesabu? Sisi ni mbuzi wa mnada?"

Unajua jinsi watu wetu walivyo katika jambo hili. Mtu hahesabiwi. Akihesabiwa, kifo kinapata mahali pa kuanzia kutoa. Mimi mwenyewe siamini neno hilo, ingawa ni kweli kwamba darasani huwaita watoto kwa majina na sijapata kuwahesabu kwa kidole. Hiyo ni adabu, si hofu.

Zakayo alikishusha kidole, akaomba radhi, akasema kwamba alikuwa akimfukuza nzi. Tukaketi. Yeye hakuketi. Alitundika kitambaa cheupe juu ya mkono wake, akasimama nyuma yetu, akaanza kupanga sahani za supu. Mzungu hula supu kwanza, peke yake, na Zakayo alitaka kutupa heshima ile ile. Wazee wakaitazama supu, wakasubiri ugali. Ugali haukuja. Situma akaninong'oneza akitaka kujua kama huo ndio mwisho wa chakula, maana kama ndio mwisho, yeye alikuwa na viazi nyumbani.

Lakini mimi nilikuwa nikimtazama Zakayo. Alipoiweka sahani ya mwisho mbele ya Situma, alizitazama sahani zote kutoka huku hadi kule, akarudia kutoka kule hadi huku, na uso wake ukapauka kama majivu. Watu amekatazwa kuwahesabu. Sahani hakuna aliyemkataza. Akatoka nje.

Aliporudi alikuwa na mbwa wake. Mbwa huyo anaitwa Askari, ni mkubwa, ana sikio moja lililochanika, na kazi yake ni kulinda kuku, kazi ambayo nadhani huifanya kwa ajili ya tumbo lake. Zakayo alileta sanduku la chai, akalisogeza kando ya Mzee Situma, akampandisha mbwa juu yake, akamfunga kitambaa shingoni, kisha akamwekea sahani ya supu. Alifanya hayo yote kwa unyenyekevu, kama mtu anayemkaribisha mchungaji.

"Sasa tuko sawasawa," akasema. "Mwalimu, tuombee chakula."

Askari hakungoja maombi. Aliimaliza supu yake, kisha akageukia ya Situma.

Mama Simiyu, hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Barasa alikiweka kijiko chini taratibu, akasema, "Zakayo, mimi nimetoka Kamukuywa." Akaichukua fimbo yake, na wazee wote wakainuka nyuma yake, wakatoka, makoti yao yamefungwa vifungo vyote. Mzee Situma alikuwa wa mwisho. Alimtazama mbwa kwa muda, mbwa naye akamtazama, kisha akaondoka.

Mimi nilibaki, kwa sababu mwanangu alikuwa bado anakaza ile nati. Nilimwuliza Zakayo kama alikuwa mgonjwa. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Mwalimu, mlikuwa kumi na watatu," akasema. "Ningefanya nini? Mje kumchukua mtoto wangu kwa idadi ya msiba?"

Ndipo akanieleza. Katika nyumba kubwa, watu kumi na watatu hawaketi kula pamoja. Zamani, siku moja ya Krismasi, wageni walifika idadi hiyo, na bwana mmoja jirani akacheka, akasema ni upuuzi, wakaketi. Kabla mwaka haujaisha, ghala la ngano la bwana yule liliteketea lote. Tangu siku hiyo, wageni wakifika kumi na watatu, Memsahib humketisha mbwa wake mezani, amefungwa kitambaa shingoni, naye Zakayo humpakulia kama bwana mwingine yeyote. Kwa hiyo hakutaka kututukana hata kidogo. Alitufanyia kile anachofanyiwa mgeni mkubwa kabisa anayemjua.

Kisha akanipa masharti. Turudi Jumapili inayofuata, tusiwe kumi na watatu, na tusithubutu kuja Ijumaa, kwa maana Memsahib haanzi jambo lolote siku ya Ijumaa. Tukikosa Jumapili hiyo, kuna watu wa Kanduyi wanaomtaka Nekesa kwa ajili ya kijana wao mwenye kazi katika stesheni ya reli. Wao ni wanane, na wametuma habari mapema. "Siwezi kuwazuia zaidi, Mwalimu," akasema. "Watu wanane ni idadi nzuri."

Jioni nilimkuta Simiyu ameketi juu ya trekta iliyozimwa. Alikuwa amekwisha kusikia. Akasema, "Baba, huko Bama vitani tulikuwa tukilala kumi na watatu katika handaki moja, tukashukuru kwamba bado tuko kumi na watatu." Nilipomwambia avumilie, alijibu kwamba akimkosa Nekesa kwa sababu ya hesabu ya sahani, ataondoka shamba hili, na hatarudi Kamukuywa pia, bali atakwenda mbali. Unamjua mwanao. Hasemi mara mbili. Usiku huo sikulala vizuri, nami si mtu wa kukosa usingizi.

Basi nikaazimia kutafuta mahali hofu hii ilipozaliwa. Nilifikiri kwamba nikimwonyesha Zakayo chanzo chake, naye akaona kwamba chanzo chenyewe ni kitu kidogo, ataiacha kama mtu anavyoacha njia akiambiwa kwamba haifiki popote.

Nilianza kwa Memsahib mwenyewe, Jumatatu, nilipokwenda kuomba chaki. Nilidhani kwamba Wazungu, ambao huandika kila kitu, watakuwa wameandika na hili. Aliona haya kidogo. Kwanza alisema kwamba labda ni kwa sababu ya karamu ya mwisho ya Bwana wetu, walipoketi kumi na watatu na mmoja wao akawa msaliti. Nilimjibu kwa heshima kwamba Yuda alikuwa amekwisha kupatana na makuhani kabla hajaketi, na kwamba hata kama wangemwongeza mtu wa kumi na nne, Yuda angebaki Yuda. Akafikiri. Akasema, basi hajui. Bibi yake alikataza, na bibi ya bibi yake pia. Nikamwuliza kuhusu ghala la yule bwana jirani. Akacheka, akasema kwamba bwana yule alikuwa na tabia ya kuvuta kiko huku amejilaza juu ya majani makavu, na kila mtu alikuwa amemwonya.

"Basi ghala liliunguzwa na kiko," nikasema.

"Ndiyo, ni kiko," akajibu. Akanikabidhi chaki, akaongeza, "Lakini tulikuwa kumi na watatu."

Jumanne nilikwenda Matisi, kwa Mzee Kariuki, yule mwenye duka la mbegu za viazi aliyehamia huku na familia yake kutoka Murang'a. Nilimwuliza kama kwao wanaiogopa kumi na tatu. Akasema hawana habari nayo. Kumi na tatu, akasema, ni nambari ya watu wasio na kazi. Kwao inayoogopwa ni saba. Mtu wa zamani hakuitamka saba mbele ya watoto wala mbuzi. Alitafuta namna ya kuizunguka. Nikamwuliza sababu yake.

"Nilimwuliza babu yangu swali hilo hilo," akasema Kariuki. "Akanichapa viboko sita."

"Sita tu?"

"Cha saba alikiogopa."

Jumatano niliongozana na Simiyu mpaka mjini ili akapimwe suti. Nilitaka awe na suti, apewe au asipewe. Fundi cherehani anayeketi katika baraza ya duka la Mhindi ni Athumani, mtu wa pwani, Mwislamu mcha Mungu. Nilipomwuliza juu ya ubaya wa Ijumaa, aliweka mkasi chini kwa mshangao. Ijumaa ndiyo bora ya siku zote, akasema, nani amewadanganya? Siku ya nuksi ni Jumatano, tena si kila Jumatano, bali ile ya mwisho katika mwezi wa Safar. Siku hiyo yeye hakati nguo mpya. Aliwahi kuikata suruali ya karani mmoja siku hiyo, na mguu mmoja ukatoka mfupi.

Nikamwuliza kama siku nyingine hakosei kamwe.

"Hukosea, Mwalimu," akasema. "Lakini siku nyingine kosa huwa langu."

Nimelitafakari jibu hilo kuliko hotuba nyingi nilizopata kuzisikia. Niliporudi shambani nilimkuta Barasa amekaa kwangu, bado amenuna, nikamwuliza yeye naye: sisi tulianza lini kukataa kuhesabiwa? Akanieleza kwamba babu yetu aliwapanga wanawe mstari mmoja akawahesabu kwa kujivuna, na kabla mwezi haujaisha mmoja wao akapotea. Nikamkumbusha kwamba huyo aliyepotea ni Baba Mdogo Wepukhulu, ambaye alikwenda Uganda kwa miguu yake mwenyewe, akaoa huko, na mwaka jana alituletea kikapu cha samaki wakavu.

"Ndiyo," akasema Barasa. "Lakini alipotea."

Basi Alhamisi jioni nikaenda kwa Zakayo na maarifa yangu yote. Nilimweleza kwa mpangilio, kama ninavyowaeleza wanafunzi: kiko cha yule bwana, viboko vya babu yake Kariuki, suruali ya Athumani, na Baba Mdogo aliyepotea na kurudi na samaki. Nikamwambia kwamba popote nilipokwenda nimekuta jambo moja, yaani mtu aliyepatwa na hasara akatafuta kitu cha kukitwika, akaona ni aibu kujitwika mwenyewe, na ni hatari kumtwika jirani, akaitwika nambari au siku, kwa kuwa hizo hazijibu. Zakayo alinisikiliza kwa makini sana. Hata aliacha kung'arisha vijiko.

Nilipomaliza, alivuta pumzi. "Mwalimu, Mungu akubariki," akasema. "Kwa hiyo saba nayo ni mbaya?"

Mke wangu, nilikwenda kumpunguzia hofu moja, nikarudi nimemwongezea mbili. Ijumaa asubuhi alimtuma mtu kuniuliza kama mwezi huu ndio Safar.

Ilinibidi niyaache mafundisho, nikakubali kucheza ngoma yake. Idadi ipungue. Lakini ni nani utakayemwambia asije? Kila mzee aliyeachwa angeuhesabu huo kuwa uadui mpaka wajukuu. Hapo Mzee Situma alituokoa bila kujua. Alituma neno kwamba yeye, baada ya kunyang'anywa supu na mbwa, haingii tena katika nyumba ile hata akialikwa na chifu. Nilimsihi mara moja tu, tena kwa sauti ndogo. Kwa hiyo tukawa kumi na wawili, na roho yangu ikatulia.

Jana tulikwenda. Nilimwomba kila mzee aiache fimbo yake nje, pale pasipo mlango, ili Zakayo azihesabu fimbo bila kumgusa mtu. Alizihesabu, nikauona uso wake ukichanua. Tukaketi. Mara hii hakukuwa na supu. Ugali na kuku vilikuja pamoja, vinafuka moshi. Nikaomba. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Zakayo alikuwa amesimama nyuma yetu, kitambaa kiko mkononi.

"Mzee," akasema Barasa, "kaa tule. Wakwe hawali mwenye nyumba akiwa amesimama. Ni kama anatungoja tuondoke."

Nami nikamwambia hivyo hivyo, na wazee wote wakaitikia. Zakayo akasema yeye huwa hakai. Tukamwambia kwamba hapa si nyumba kubwa, hapa ni kwake. Akasitasita, akavuta kile kiti kilichobaki, akaanza kukunja magoti. Ndipo Mama Nekesa, ambaye alikuwa jikoni upande wa pili wa ukuta na hakuwa amesema neno katika siku zote mbili, alipochungulia.

"Baba Nekesa," akasema, "ukikaa hapo, mezani patakuwa na wangapi?"

Zakayo akabaki vile vile, hajakaa wala hajasimama, magoti yamekunjwa, mikono imeshika meza.

"Na ile Jumapili nyingine," mkewe akaendelea, "mbwa ulimletea nini? Wageni na wewe mlikuwa mmetosha."

"Mimi si mgeni," akasema Zakayo.

"Si mgeni. Lakini wewe ni kikombe?"

Nitakuambia ukweli, Mama Simiyu: mimi ninayefundisha hesabu sikuwa nimeliona jambo hilo, wala Barasa, wala mtu yeyote aliyevaa koti. Mtu huyu amesimama nyuma ya viti vya watu tangu ujana wake. Huko, anayepakua hahesabiwi. Mezani huhesabiwa wanaokula, na hata mbwa akiketi ni mtu wa kumi na nne, lakini mwenye kitambaa mkononi si wa kwanza wala wa mwisho. Akaja nayo hesabu hiyo mpaka nyumbani kwake. Mara ya kwanza, kama angalijihesabu na kuketi tu, tungalikuwa kumi na wanne, na Situma angalikunywa supu yake kwa amani.

Lakini kujua hayo hakukutusaidia, kwa maana sasa tulikuwa tumenaswa. Akiketi, tunakuwa kumi na watatu. Akisimama, hatuwezi kula. Mmoja wetu atoke? Wazee wote walianza kuutazama ugali kwa bidii. Simiyu aitwe? Hawezi kuketi mbele ya wakwe kabla hajapewa. Barasa alipendekeza kwamba mimi, kwa kuwa ndiye niliyeipanga safari, ningoje nje na fimbo. Zakayo akatupa jicho nje, alikolala Askari. Barasa naye akatupa jicho kwenye fimbo yake.

Mama Nekesa ndiye aliyetutoa. Aliingia, akifuta mikono yake kwa kanga. Akalivuta sanduku la chai kutoka pembeni, akaliweka mwisho wa meza, akaketi.

Unajua kwamba jambo hilo halijapata kuonekana kwetu, mke kuketi kula pamoja na wakwe zake wanaume siku ya posa. Barasa alifungua kinywa. "Mama," akaanza, "mahali hapa kwa desturi..."

"Nimeipikia meza hii tangu alfajiri," akasema Mama Nekesa. "Anayetaka iwe kumi na tatu aseme, nitainuka."

Barasa akakifunga kinywa. Akamgeukia mumewe, ambaye bado alikuwa hewani. "Na wewe kaa. Magoti yako si ya kijana."

Zakayo akakaa. Hakujua aipeleke wapi mikono yake. Kwanza aliiweka juu ya meza, kisha chini ya meza, na mara mbili aliinuka kumpa mtu chumvi, na mara mbili mkewe akamvuta koti. Mwishowe akamega tonge. Akala polepole, akikitafuna chakula chake mwenyewe kama mtu anayekionja mara ya kwanza, kisha akasema kwamba kuku amezidi chumvi. Mkewe akasema ni kweli. Tukacheka wote, hata Barasa, ambaye baadaye alidai kwamba alikuwa akikohoa.

Tulipomaliza kula tukafika pale pagumu zaidi. Sahani zilikuwa mbele yetu na hakuna wa kuziondoa. Zakayo alianza kuinuka. Mama Nekesa akamzuia kwa mkono. Nekesa naye alikuwa amejificha, kama binti anayeposwa anavyopaswa. Tukakaa. Kuku wakaanza kutamani mifupa. Mama Nekesa alitutazama mmoja baada ya mwingine, hakuomba kitu, alitazama tu, na mimi nikaona kwamba swali la mwanangu lilikuwa halijajibiwa bado, na kwamba sasa lilikuwa linaulizwa.

Kwa hiyo niliinuka mimi. Nilizikusanya sahani zote, mifupa juu ya mifupa, nikazipeleka jikoni. Ndiyo, mimi mumeo, ambaye kwa miaka yote hii sijapata kukuondolea hata kikombe; usinikumbushe, ninalijua. Niliangusha moja, lakini ilikuwa ya bati. Niliporudi, Barasa alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake.

Mama Nekesa akamwambia mumewe, bila kushusha sauti, "Kama baba yake hutoa sahani, hata kijana atafundishika. Mpe."

Naye Zakayo akampa. Alisimama kwa ajili ya kusema hivyo, na safari hii hakuna aliyemzuia. Alisema kwamba watu wa Kanduyi watatumiwa habari kwa heshima. Simiyu alipoitwa, alikuja na grisi mpaka kwenye nyusi, kwa maana banda lile limekwisha nati za kukaza, na akasimama ameinama kama mtoto wa darasa la kwanza. Mtoto aliyevuka bahari na kurudi! Nilimwambia asimame wima. Nadhani sauti yangu haikuwa kali kama nilivyokusudia.

Leo mchana Zakayo alipita shuleni. Alikuwa anatoka kazini. Aliniambia kwamba Memsahib, ambaye alizipata habari za posa, alimwuliza wakati wa chai ya asubuhi kama karamu ilikwenda vizuri, na kama aliangalia wasiwe kumi na watatu.

"Ukamjibu nini?" nikamwuliza.

"Nilimwambia kwa Kiswahili chake, 'Memsahib, jana mimi hapana hesabu. Jana mimi nakaa.'"

Sasa mambo yaliyobaki. Siku ya harusi haijawekwa. Wanaume tulijaribu kuiweka, lakini kila siku tuliyoitaja ilikuwa na mtu wa kuikataa, na juma likatuishia mikononi. Mama Nekesa amesema kwamba atakuja Kamukuywa ukishauanika wimbi wako, mkae wawili muichague. Mwandalie kiti. Mzee Situma nitamwendea mwenyewe. Ameahidi kusamehe iwapo siku ya harusi ataketishwa mbali na Askari.

Nisalimie mama yangu, na umweleze habari hii polepole, kwa maana atauliza huyo mbwa ni wa ukoo gani. Msalimu dada yangu wa kule mtoni na mumewe mhunzi. Msalimu mjomba wako mzee wa kanisa, na jirani yetu mkunga, aliyempokea Simiyu duniani. Yeye ana haki ya kuisikia kabla ya wengine, ikiwa Barasa amemwachia chochote cha kusikia. Wabusu wadogo wote kwa majina yao.

Niandikie upesi siku mtakayoichagua. Usiniandikie kwa nini mmeichagua.

Ni mimi mumeo anayekukumbuka kila siku ya juma,
Petro Wanyonyi,
Mwalimu.